Sanaa dhahania: Tumekwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani

MIAKA kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kuunda istilahi za masomo ya sanaa. Tulikuwa watu kumi na wawili: wanaisimu, walimu wa shule za upili na wahariri wa vitabu. Kwa siku mbili nzima tulijifungia chumbani, tukaipitia orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza tukiyatafutia wenzi wa Kiswahili. Tulipolifikia neno linalotaja ile sanaa isiyoiga sura ya kitu, yaani picha ya mistari, rangi na maumbo ambayo mtazamaji hawezi kuinyoshea kidole akasema "huyu ni mtu" au "ile ni nyumba", ubishi ulizuka.

Mwalimu mmoja mwenye mvi alitushauri tusijisumbue. Sanaa hiyo, alidai, ni ya Wazungu. Haijapata kuwako kwetu, na kwa hivyo lugha yetu haiwezi kuwa na jina lake. Wengi walikubaliana naye. Nami, mwenye shahada ya uzamifu lakini ambaye siku hiyo sikuzamia hata maji ya magoti, nilipendekeza tuseme "sanaa dhahania" kwa kuazima kutoka kwa sarufi. Pendekezo lilipita, tukanywa chai, tukaenda zetu.

Leo ningependa kuungama mbele ya wasomaji, hasa walimu na wanafunzi. Neno lenyewe silikani. Limekwisha kuzoeleka na si vyema kulivuruga. Ninachokikana ni ile fikra iliyotufanya tulikubali upesi: kwamba sanaa ya namna hii ni mgeni aliyeshuka bandarini juzi na mzigo wake. Nadai kinyume cha hayo. Sanaa dhahania imeishi katika pwani yetu kwa karne nyingi, imezaliwa na kazi za bahari, na wenye kuijua ni watu ambao hatukumwalika hata mmoja wao katika kikao kile.

Tui halina umbo la nazi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anazijua nomino za dhahania: upendo, uzembe, wema, ujinga. Ni majina ya mambo yasiyoshikika. Basi mwanafunzi anaposikia "sanaa dhahania" hudhani kwamba ni sanaa ya mambo yasiyokuwako, njozi za mtu aliyekosa la kuchora. La hasha! Aghalabu sanaa hii huanza na kitu kinachoonekana na kushikika. Tofauti iko katika kile ambacho msanii anakifanyia kitu hicho.

Mfano wake tunao jikoni. Mtu anapopika wali wa nazi huikuna nazi kwenye mbuzi, akaitia maji, akaikama ndani ya kifumbu. Linalotoka ni tui. Kinachobaki ni chicha. Tui halina umbo la nazi wala rangi ya kifuu chake, lakini hakuna mlaji aliyewahi kuuliza nazi imekwenda wapi. Ladha yote imo. Hivyo ndivyo afanyavyo msanii wa dhahania. Hukikama kitu alichokiona, akaliacha umbo la nje, akatupa kile kilichomgusa: mwendo wake, uzito wake, mpangilio wake, mvutano wa sehemu zake. Anayedai aonyeshwe nazi ndani ya tui ndiye aliyepotea njia, si mpishi.

Bahari ya wenzetu

Tuanze na hao Wazungu tunaowasingizia. Mholanzi Piet Mondrian alikuwa akienda Domburg, kijiji kilicho ufuoni mwa Bahari ya Kaskazini, kuyatazama maji na gati lililochomoza ndani yake. Katika picha aliyoichora mwaka 1915 kutokana na matazamio hayo hamna wimbi, hamna mashua, hamna mawingu. Mna vistari vifupi vyeusi, vya wima na vya ulalo, vilivyopangwa ndani ya umbo mithili ya yai. Hapa vimepishana kama misalaba, pale vimeachana. Ukiitazama kwa muda unaanza kuyaona maji yakimetameta. Mondrian aliikama bahari hadi akabaki na mapigo yake.

Mwingereza Barbara Hepworth, kwa upande wake, alihamia St Ives, mji wa wavuvi ulioko Cornwall, mwaka 1939. Mwaka 1946 alichonga kazi aliyoiita "Pelagos", neno la Kigiriki lenye maana ya bahari. Ni mti uliochimbwa ndani, ukapindwa kama wimbi linalojikunja, upande wa ndani ukapakwa rangi ya samawati iliyopauka, kisha zikavutwa nyuzi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Yeyote aliyepata kuishika kamba ya tanga wakati wa kusi atazielewa nyuzi hizo bila kuhitaji mhadhara.

Lakini katika mji huohuo wa St Ives kuna kisa kingine ambacho hakinitoki akilini. Alfred Wallis alikuwa baharia na mvuvi, kisha akawa mchuuzi wa vyuma chakavu, matanga na kamba kuukuu. Mwaka 1922 alifiwa na mkewe. Miaka michache baadaye, akiukaribia umri wa miaka 70, alianza kuchora ili kujiliwaza. Alichora juu ya vipande vya maboksi, kwa rangi za kupakia mashua. Hakuwa amesomea sanaa. Kilichokuwa muhimu kwake alikichora kikubwa, kisichokuwa muhimu kidogo, pasipo kujali kipimo cha macho.

Mwaka 1928 wasanii wawili, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita mlangoni pake, wakaziona picha hizo, wakapigwa na butwaa. Picha za Wallis hazikuwa dhahania kamili, maana meli zake zilitambulika kuwa meli. Hata hivyo, Nicholson, ambaye alikuwa mmoja wa vinara wa sanaa dhahania nchini Uingereza, aliathiriwa sana na mkono wa mzee yule. Wallis alifariki mwaka 1942 katika nyumba ya kutunzia maskini. Leo kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya sanaa.

Nayasimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, hata huko tunakodhani ndiko chimbuko la sanaa hii, wasanii waliifuata ufuoni, miongoni mwa kamba, nyavu na watu wa kazi. Pili, kisa cha Wallis chatuonyesha nani hufaidika na nani husahaulika. Nitalirudia jambo hilo.

Fundi hana karatasi

Nililelewa karibu na Vanga, kusini mwa pwani ya Kenya, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Tanzania. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa madema. Kwa wasiolijua, dema ni mtego wa samaki uliosukwa kwa fito, wenye mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, samaki aingie asijue pa kutokea. Matundu yake hayana pembe nne kama ya wavu. Yana pembe sita sita, matundu kwa mamia yaliyolingana kama ya sega la nyuki.

Nilipokuwa darasa la sita, kichwa kimejaa maumbo ya hisabati, nilimwuliza mbona pembe sita.

"Nne hulegea, mwanangu," alinijibu pasipo kuinua macho. "Mkondo ukilivuta dema, fito zateleza. Sita hushikana zenyewe."

Wakati huo nililichukua hilo kuwa jibu la mvuvi, basi. Leo naona kwamba alikuwa akinifundisha jambo ambalo sikulipata katika darasa lolote. Mjomba hakuwa akiiga samaki wala wimbi. Alikuwa akizijibu nguvu za maji, na majibu yake yalikuwa mistari. Ukiliangika dema ukutani na kulitazama, unachokiona ni mkondo wa bahari uliogeuzwa kuwa mpangilio. Tofauti na Mondrian ni kwamba mpangilio wa mjomba ulilazimika kufanya kazi; ungekosea, tungelala na njaa.

Baadaye kazi ya kukusanya maneno ya ufundi ilinipeleka Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa kuunda vyombo. Fundi wa huko hana ramani ya karatasi. Huulaza mkuku, akasimamisha mataruma, na macho yake ndiyo rula. Nilimwuliza fundi mmoja ajuaje ni wapi pa kuupinda ubao. Alinijibu kwa mkono: aliupitisha hewani polepole, kama mtu apapasaye mgongo wa mnyama. Umbo la jahazi lilikuwamo katika mkono ule kabla ya kuwa mbao. Umbo lililo kamili akilini ilhali halijapata mwili: kama hilo si dhahania, ni nini?

Si mbali na hapo wanawake walikuwa wakisuka kili za mikeka. Ukili ni ule utepe mrefu wa majani yaliyosukwa, ambao hushonwa na wenzake hadi mkeka ukatimia. Msusi huhesabu, hupishanisha rangi, huirudia hesabu, na mwisho wake ni mistari na miraba isiyokuwa picha ya chochote. Yamkini msomaji atauliza mikeka ina uhusiano gani na bahari. Uhusiano upo. Mtepe, kile chombo cha kale cha pwani ya Lamu, ulishonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Katika Makumbusho ya Lamu upo mfano wake mdogo. Hapo zamani, kwa hiyo, muunda vyombo alikuwa mshoni, na msusi ndiye aliyeukamata upepo.

Fauka ya hayo, itazame milango ya mji wa kale wa Lamu, ambao shirika la UNESCO liliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mafundi, ambao kwa sababu za kidini aghalabu waliepuka kuchora viumbe wenye roho, waligeuza majani, maua na minyororo kuwa nakshi zinazojirudia mpaka zikaacha kuwa majani na maua. Nao walikuwa na neno moja kwa kazi hiyo. Katika Kiswahili cha pwani, "kuchora" ni kukata nakshi kwenye mti, na ni kupitisha kalamu kwenye karatasi vilevile. Lugha haikuona sababu ya kumtenga fundi wa mbao na mchoraji wa picha. Tuliowatenga ni sisi.

Lugha ilijua kabla yetu

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, tunao darasani kila siku, na ninaona haya kwamba mimi mwanaisimu sikuukumbuka katika kikao kile. Mwalimu wa fasihi anapomwuliza mwanafunzi, "Shairi hili ni la bahari gani?" hamwulizi shairi linazungumzia nini. Anamwuliza limejengwaje: lina mishororo mingapi, vina vyake vimepangwaje, kila mshororo una mizani ngapi. Chukua utenzi wa mizani nane nane, uondoe maneno yote, uache mapigo na vina tu. Hicho kinachobaki, kisichosimulia kisa chochote, ndicho bahari yake.

Neno hili tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao pia lina maana zote mbili, ya maji na ya mashairi. Kwa hivyo sidai kwamba ulinganisho huo tuliubuni sisi. Nasema tu kwamba tuliupokea, tukauhifadhi, na kuufanya wetu, hata leo mpangilio mtupu usio na picha tunauita kwa jina lilelile la maji yanayopiga ufuo wetu. Basi mwalimu anayefundisha bahari za ushairi Jumatatu hana hoja ya kuwaambia wanafunzi haohao Jumanne kwamba mpangilio wa mistari na rangi hauna maana kwa kuwa hauna sura ya mtu.

Najua kuna atakayenipinga. Atasema: dema ni chombo cha kazi, si sanaa, mvuvi alitaka samaki, hakutaka sifa. Pingamizi hili lina uzito. Mjomba hakuliita dema lake sanaa, na lilipooza alilitupa. Wala sidai kwamba kila kilichosukwa ni sanaa. Lakini tutazame kile ambacho mtu wa bahari hukiongeza baada ya haja kwisha. Jahazi lingeelea bila yale macho ya duara yanayotiwa kwenye omo. Lingeelea pia bila nakshi za shetri. Mkeka ungelalika hata kama usingetiwa rangi. Hapo ndipo kazi inapovuka ikawa sanaa, na mkono unaoivusha ni uleule uliofunzwa na kazi.

Mfano wa karibuni ni chombo kiitwacho Flipflopi. Kilishushwa majini Lamu mwaka 2018, katika mradi uliowaunganisha wenyeji na wageni, na fundi mkuu akiwa Ali Skanda wa huko Lamu. Kiliundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na ubavu wake ukafunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Ziite kandambili, ndara, malapa au patipati. Ni takataka zilezile ambazo bahari hututemea kila siku. Zilikatwa, zikapangwa rangi kwa rangi. Mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri hadi Zanzibar. Waliokiona kikipita hawakuona picha ya kitu ubavuni mwake. Waliona rangi tupu, na bado ujumbe ulikuwa wazi: uchafu huu ni wetu, na bahari hii ni yetu.

Msanii hajulikani

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kongamano katika hoteli moja ya pwani. Ukutani mwa ukumbi, chini ya taa nzuri, lilitundikwa dema. Kando yake palibandikwa kikaratasi kilichosema kwamba hiyo ni sanaa ya Kiafrika, na kwamba msanii hajulikani. Nilisogea. Siwezi kuapa kwamba lilikuwa la mjomba, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, lakini namna fito zilivyofungwa mlangoni ilikuwa ya kwetu. Nilimwuliza mhudumu limepatikanaje. Aliniambia lilinunuliwa kwa mvuvi mmoja, kwa bei ambayo haingetosha chakula cha mchana katika hoteli ileile.

Hajulikani! Mtu ambaye kijiji kizima kilimjua kwa jina, na ambaye wavuvi wenzake wangelitambua dema lake miongoni mwa mengine ishirini. Kukosa kujulikana hakukuwa kwake. Kulikuwa kwa mnunuzi ambaye hakuuliza.

Nilirudi kitini nikiwa na hasira, na hasira ile ilidumu mpaka nilipokumbuka kikao cha istilahi. Sisi nasi tulikuwa tumefanya yaleyale. Tulikaa siku mbili tukiuliza Waingereza wanasemaje, na hatukumwuliza fundi wala msusi hata mmoja. Tuliandika "hajulikani" bila kutumia kalamu.

Tufanyeje?

Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmojawapo wa mikondo mitatu iliyowekwa mbele yao ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara nyingine tena, kwa hivyo, tunaamua kijana wa Kenya ataambiwa nini kuhusu sanaa. Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwalimu asianze somo la sanaa dhahania kwa picha ya kitabuni. Aanze kwa kuleta kitu darasani: ukili, kifumbu, kipande cha wavu, kamba yenye fundo. Awaambie wanafunzi wasikichore kitu hicho, bali wachore kazi yake: pale kinapovuta, pale kinapobana, pale kinapojirudia. Mwalimu wa bara asiseme hana bahari. Wa Kisumu ana ziwa na mitumbwi yake. Wa Limuru ana vikapu vya wachuma majani chai. Na wakati wa kusahihisha, asiulize "Hiki ni nini?" Aulize kama aulizavyo kuhusu shairi: "Kimejengwaje?"

Pili, fundi aalikwe shuleni kama mwalimu, si kama kionyesho. Alipwe, na jina lake liandikwe ubaoni na katika daftari za wanafunzi. Mwanafunzi anayeweza kuandika jina la Mondrian bila kosa aweze pia kuandika la mzee anayeunda mashua nyuma ya shule yao.

Tatu, wanafunzi wetu wa isimu katika vyuo vikuu watoke vyumbani wakakusanye maneno. Taruma, mkuku, foromali, kalafati, shetri, ukili: maneno haya huishi katika midomo ya watu wenye kazi hizo. Boti za fibaglasi zinaenea, nyavu za nailoni nazo zinaenea, na chombo kinapoacha kuundwa, neno lake halina pa kukaa. Istilahi tunazozihangaikia vikaoni huenda zingine ziko ufuoni, zimekaa zikingoja kuulizwa.

Wahenga walinena kwamba hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele yake. Ngama ni kule chini tumboni, maji yanakokusanyika na kutekwa. Si vibaya kwamba tumekwenda hadi Uholanzi na Cornwall. Mwanafunzi wa Kenya ana haki ya kumjua Hepworth na nyuzi zake. Lakini safari isiyorejea ngamani huzamisha chombo.

Nasikia kwamba huenda orodha ile ya istilahi ikapitiwa upya. Nikialikwa tena nitakwenda, kwa sharti moja: pawepo kiti cha kumi na tatu, akalie fundi wa dema au msusi wa mikeka, naye aulizwe kwanza, kabla ya mwenye shahada ya uzamifu kufungua kinywa.